Mgonjwa Haulizwi Uji: Siku za Katikati katika Fasihi ya Maradhi, kwa Kurejelea Tibakemikali Meru na Embu

Methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji imezoeleka kufasiriwa kuwa ni sifa ya ukarimu. Aliye mzima hangoji kuombwa: huiona haja ya mgonjwa, akabandika chungu, akamletea. Fasiri hiyo si potofu, lakini imeuacha upande wa pili wa kauli. Kitenzi cha methali kimo katika hali ya kutendwa na ya ukanushi kwa pamoja, na mtu pekee anayetajwa ndani yake ndiye asiyetamka neno. Ujuzi wote u kwa mpishi. Huchukuliwa kwamba maradhi ni hali moja, kwamba haja yake ni moja, na kwamba haja hiyo yaonekana kutoka nje.

Katika nyumba ya mtu anayepokea tibakemikali, iwe Imenti, Tharaka, Runyenjes au Mbeere, dhana hizo tatu huvunjika ndani ya juma moja. Dawa hubadili ulimi. Uji wa wimbi ulionyweka vizuri Jumatatu huwa na ladha ya chuma Alhamisi. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ambayo jana ilikuwa harufu ya nyumbani, leo humtoa mgonjwa nje. Na juma la pili likishapita, mtu yuleyule huomba githeri. Mpishi asiyeuliza hukosea, naye akishakosea mara mbili tatu huanza kudhani kwamba mgonjwa amekata tamaa ya kuishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo la jikoni ni tatizo la kifasihi pia. Tanzu ambazo jamii za Meru na Embu, pamoja na wasomaji wa Kiswahili kwa jumla, wamezirithi kwa ajili ya kusimulia maradhi zimetungwa kutoka mwisho wa maradhi, ilhali anayetibiwa kwa dawa hizi huishi katikati yake. Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Yamkini ndiyo inayoamua kama mgonjwa atarudi hospitalini kwa awamu ya tatu au atabaki nyumbani.

Wakati wa duara

Ni vyema kueleza kwanza jinsi wakati unavyokwenda katika matibabu haya, maana hoja yote imeegemea hapo. Dawa za tibakemikali huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za aina hiyo, lakini ndivyo zilivyo pia seli za uboho, za mizizi ya nywele, na za utando wa kinywa na matumbo. Kwa sababu hiyo dawa nyingi hazitolewi mfululizo. Hutolewa kwa awamu, na baina ya awamu mwili huachwa ujijenge upya. Mpango ulio wa kawaida sana ni wa siku 21, ingawa iko mingine ya siku 14 au ya kila juma. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu. Baina ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, na homa ya nyuzi 38 itokeayo wakati huo si ya kungojewa asubuhi. Mgonjwa hukimbizwa hospitalini usiku huohuo. Juma la tatu ni la nafuu: mtu hula, hukamua ng'ombe, hutembea hadi kituo cha kupimia majani ya chai. Kisha damu hupimwa. Hesabu ikitosha, dawa hutiwa tena na mambo huanza upya. Isipotosha, mgonjwa hurudishwa nyumbani akangoje juma jingine.

Jirani aliyekuja kumjulia hali siku ya 9 huona mtu anayekufa. Aliyekuja siku ya 20 huona mtu aliyepona, naye huuliza kwa nini arudishwe kwenye dawa iliyomwangusha. Wote wawili wamesoma sura moja ya kisa wakadhani wamekisoma kitabu. Nywele nazo, kwa dawa zile zinazoziangusha, huanza kung'oka yapata majuma mawili au matatu baada ya dozi ya kwanza, yaani mara nyingi katika siku zilezile ambazo mgonjwa mwenyewe anajihisi ana nafuu. Ishara ya nje na hali ya ndani haziendi pamoja. Msomaji aliyefundishwa na fasihi kwamba mwili wa mhusika ni kioo cha hatima yake hana budi kupotea.

Kwa miongo mingi matibabu haya yalimaanisha safari ya Nairobi, hasa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Katika miaka ya karibuni yameanza kutolewa pia katika hospitali kuu za Meru na Embu. Badiliko hilo limepunguza nauli, lakini kwa mhakiki lina maana nyingine: limeyaleta matibabu ndani ya siku za kawaida. Aliyelazwa Nairobi alikuwa ametoka katika maisha ya kijiji kwa muda. Anayepanda matatu Maua alfajiri, akakaa kwenye kiti chenye mrija hadi alasiri, akarejea jioni ameketi dirishani na mfuko wa plastiki mapajani, huyo hajatoka. Usiku yumo kitandani mwake, na kesho mbuzi wanalia kama kawaida.

Tanzu za mwisho

Jamii haikosi namna ya kuyasimulia maradhi. Katika Meru na Embu zipo angalau tatu zinazosikika kila juma, na zote tatu zina ufundi wake.

Ya kwanza ni tanzia, pamoja na wasifu wa marehemu unaosomwa kaburini. Humo maradhi hupewa sentensi moja, aghalabu ile isemayo kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu na akayastahimili maumivu kwa ujasiri. Mazungumzo ya Wakenya kuhusu saratani yamejengwa kwa kiasi kikubwa na tanzia. Profesa Wangari Maathai alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, wengi ndipo walipopata habari kwamba alikuwa akiugua. Julai 2019 nchi iliondokewa na watu watatu mashuhuri katika mwezi mmoja kwa maradhi hayo: Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1, mbunge wa Kibra Ken Okoth tarehe 26, na gavana wa Bomet Joyce Laboso tarehe 29. Mwezi huo saratani ilizungumzwa kila mahali, na kila mahali ilizungumzwa kwa wakati uliopita.

Ya pili ni ushuhuda wa kanisani. Muundo wake ni thabiti: nilikuwa hivi, nikatendewa, sasa niko hivi. Hakuna ubaya katika muundo huo, nao umewatia nguvu watu wengi. Lakini haumpokei mtu aliyemaliza awamu ya pili kati ya sita. Akisimama mbele ya waumini atasema nini? Hajapona, wala hajashindwa. Akisema amepona atakuwa amesema uongo, na mwezi ujao ataonekana tena akiwa amekonda. Akisema angali yu katikati, waumini hawana kiitikio cha kumjibu. Ndiyo maana wengi hunyamaza hadi yaishe, na kunyamaza huko hutafsiriwa kuwa aibu.

Ya tatu ni hotuba ya mchango. Hii huja karibu zaidi na siku za kawaida kwa sababu inataja nauli, vipimo na bei za dawa, hasa pale ambapo bima haikufika. Nayo bima yenyewe imebadilika, maana NHIF iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Hata hivyo msemaji wa mchango si mgonjwa. Mgonjwa ni picha juu ya kadi. Ili mkono ufike mfukoni lazima aonekane katika hali mbaya kuliko zote, yaani ya siku ya 9, nayo siku ya 20 hufichwa ili wachangaji wasione kwamba wamedanganywa.

Mapungufu haya si ya Mlima Kenya peke yake. Virginia Woolf alishangaa mwaka 1926 kwamba maradhi hayajapata nafasi katika fasihi kando ya mapenzi na vita. Arthur Frank, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu msimulizi aliyejeruhiwa, aligawa simulizi za wagonjwa katika aina tatu: ya kurejea afya, ya vurugu, na ya safari ya kutafuta maana. Ushuhuda waweza kuwekwa katika aina ya kwanza bila taabu. Lakini hata mgawanyo wa Frank unauliza kisa kinaelekea wapi, na mtu wa siku ya 9 hana nguvu ya kuelekea popote. Anataka kujua kama maji ya kunawa yamechemshwa.

Ayubu, Rehema na Mwana Kupona

Wasomaji wa Kiswahili wa bara waliingia katika ushairi wa pwani kupitia shule, na Kiswahili ndicho lugha ya benchi la hospitali pale ambapo Mtharaka, Mwembu na Mwigembe wamekaa pamoja na muuguzi aliyetoka kwingine. Kwa hiyo si kuruka mipaka kuuliza kama tendi za kale zina la kuwaambia.

Utenzi wa Ayubu ndio utakaotajwa kwanza, maana Ayubu ni kielelezo cha subira. Yafaa kutahadhari. Ayubu wa mapokeo haya ni mgonjwa wa mwisho: maradhi yake ni mtihani, na mtihani una matokeo. Akishafaulu hurudishiwa vyote. Mgonjwa wa Chuka anayeambiwa awe kama Ayubu anaombwa avumilie hadi mwisho ambao daktari wake mwenyewe hajamwahidi. Aliye na manufaa zaidi kwa mada hii si Ayubu bali mkewe, Rehema. Yeye ndiye mwenye siku. Humbeba mumewe, hutafuta kazi za watu, hurudi na chakula. Katika mapokeo ya Kiislamu yaliyouzaa utenzi huo, alifika hadi ya kukata nywele zake na kuziuza ili apate cha kumlisha mumewe. Tukio hilo limesomwa kama kipeo cha uaminifu wa mke. Katika muktadha wa tibakemikali lasomeka vingine: nywele za anayeuguza zimegeuzwa mkate. Mwili wa mwuguzaji nao hulipa. Katika vijiji vingi vya Embu anayelipa hivyo ni binti aliyeacha kibarua chake mjini akarudi nyumbani, naye hana utenzi wake.

Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni mgumu zaidi na una faida kubwa zaidi. Mara nyingi umehakikiwa kama waraka wa malezi ya mwanamke, ama kwa kusifiwa ama, katika uhakiki wa kifeministi, kwa kulaumiwa kwamba unamfunza binti utiifu kwa mume. Mabishano hayo yameficha jambo lililo wazi katika beti za mwanzo: anayesema ni mgonjwa. Anamwita bintiye aje na wino na karatasi, na anaeleza kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Halafu hasemi tena habari za mwili wake kwa kitambo kirefu. Anasema habari za nyumba: usafi, manukato, namna ya kumhudumia mume anapolala na anapoamka, namna ya kukaa na watu wa daraja mbalimbali. Mwishoni huingia katika dua.

Mtu aweza kusema kwamba maradhi hapo ni kisingizio tu cha kutoa wasia. Hoja hiyo haitoshi. Kilicho muhimu ni kwamba mgonjwa huyu amekataa nafasi aliyopewa na methali. Haulizwi uji, lakini anaagiza wino. Aidha, umbo alilochagua ni la siku zinazojirudia: kila asubuhi hivi, kila jioni vile. Hamna msuko unaoelekea kileleni. Katika fasihi ya Kiswahili iliyorithiwa, hapo ndipo mgonjwa anaposikika akiishi ndani ya ratiba badala ya kuishi ndani ya hatima. Kinaya chake ni kikali. Mjane anayeumwa anaeleza kwa makini jinsi mwili wa mume unavyopaswa kutunzwa, na hamna ubeti unaoeleza jinsi mwili wake yeye ulivyotunzwa mwaka ule. Nani alimkanda? Alikula nini? Uhakiki wa kifeministi ungefanya vyema kuanzia hapo kuliko kwenye beti za utiifu ambazo zimekwisha kujadiliwa hadi zimechakaa.

Kutoka riwaya za UKIMWI hadi jikoni kwa Yona

Kuna mfano wa karibu wa fasihi iliyochelewa kuondoka mwishoni. Kazi za mwanzo za Afrika Mashariki kuhusu UKIMWI, kama ile ya Carolyne Adalla ya 1993, zilitungwa wakati dawa hazikuwapo kwa wengi, na kwa haki ziliishia kaburini au kwenye majuto. Dawa za kupunguza makali zilipoenea, mamia ya maelfu ya watu walianza kuishi miaka mingi wakiwa na virusi, lakini mazoea ya usimulizi yalikawia nyuma. Msomaji aliendelea kutarajia jeneza. Ndivyo ilivyo kwa saratani sasa.

Mtunzi aliyetoka katika eneo hili lenyewe, Kithaka wa Mberia wa Tharaka, hakuandika juu ya tibakemikali katika Natala, lakini tamthilia hiyo ina jambo linaloihusu. Mume anahesabiwa kuwa amekufa, na watu wanaanza mara moja kugawana nafasi yake. Mke anakataa kurithiwa. Uovu unaoshambuliwa ni wa mila na tamaa, naam, lakini unawezekana kwa sababu jamii imeharakisha kufunga kisa. Mgonjwa wa siku ya 9 anaijua haraka hiyo. Kuna mashamba yaliyopimwa na ndugu kabla ya awamu ya nne. Kwa upande mwingine, mashairi huru ya mtunzi huyohuyo, yenye mistari inayokatika na maneno yaliyotawanywa ukurasani, yanadokeza fani inayoweza kuubeba wakati wa namna hii: siku moja mstari mrefu, siku nyingine neno moja, na baina yake ukurasa mweupe. Wapo washairi chipukizi wanaodhani kwamba mada nzito hudai vina na mizani ili iheshimiwe. Hapa ulinganifu wa vina ungekuwa uongo.

Iliyo karibu kuliko zote ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia ambayo wanafunzi wengi wa shule za sekondari nchini Kenya wameisoma kwa ajili ya mtihani. Maradhi ya Sara si saratani. Lakini Arege ameyaweka mahali yanapokaa kwa kweli: baina ya jikoni na malipo. Sara ni mgonjwa na bado anatarajiwa kupika. Binti yake Neema anabeba mzigo wa matibabu, na mzigo huo unaitikisa ndoa yake na Bunju. Yona, mume, amelelewa akiamini kwamba meko si mahali pa mwanamume, na tamthilia inamfikisha mekoni. Wahakiki wa miongozo ya shule wameliita badiliko la Yona kuwa ni dhamira ya usawa wa kijinsia, wakapita. Wangekaa hapo kidogo. Mwanamume anayeingia jikoni kwa mara ya kwanza akiwa na mgonjwa ndani hana mazoea ya kumwongoza, kwa hiyo hana budi kuuliza. Ujinga wake unakuwa na faida ambayo mpishi stadi hana.

Faida hiyo si ndogo panapohusika saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya. Kwa mgonjwa wa umio, uji si ishara ya ukarimu. Huenda ndicho chakula pekee kipitacho. Methali imekuwa maelezo ya kitabibu. Na chai, ambayo katika nyanda za juu za Meru na Embu ni zao, ni mshahara, na ni salamu ya kwanza kwa mgeni, inabidi ipoe kwanza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliainisha mwaka 2016 vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kuwa huenda husababisha saratani ya umio. Jamii inayopima heshima ya mgeni kwa mvuke unaotoka kikombeni hapo imeguswa panapouma, na bado haijaonekana tamthilia iliyokiweka kikombe hicho jukwaani.

Adabu za kumjulia hali zina mgogoro wa namna hiyohiyo. Kikundi cha akina mama kikija na unga, sukari na sala katika juma la pili, kimefanya wajibu wake kikamilifu, na kimefika wakati ambao mgonjwa hana kinga. Kumwambia mama mkwe asishike mkono, au shemeji mwenye mafua asiingie, ni tendo gumu kuliko kumeza dawa. Katika hadithi na tamthilia za Kiswahili, onyesho la kumjulia hali mgonjwa hutumika mara kwa mara kama njia ya kuleta habari: wahusika hukusanyika, siri hutoka. Mlango uliofungwa kwa adabu haujatumiwa ipasavyo na watunzi, ijapokuwa una mvutano wa kutosha kwa onyesho zima.

Kaa na vita

Lugha ya maradhi yenyewe yahitaji neno. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule wa baharini, na ndilo jina la nyota katika unajimu wa Waswahili. Kansa, ambalo ndilo husikika zaidi mabenchini Meru na Embu, limetoka Kilatini kupitia Kiingereza, na maana yake ni kaa vilevile. Mzungumzaji anayebadili neno moja kwa jingine akidhani amepata la kisayansi zaidi amemwacha kaa palepale. Tibakemikali ni istilahi ya wataalamu. Watu husema kemo, au husema tu kwamba fulani anatiwa dawa, na kitenzi hicho cha kutendwa kinakumbusha ule ukimya wa methali.

Susan Sontag, mwaka 1978, alizishutumu sitiari za kivita zinazozunguka saratani: mapambano, adui, ushindi. Shutuma hiyo ni ya haki, kwani sitiari ya vita humfanya anayefariki aonekane alipigana vibaya. Lakini isisahaulike kwamba hapa vita si sitiari tupu. Dawa za kwanza za aina hii zilitokana na gesi ya haradali iliyotengenezwa kuua askari, na mgonjwa wa kwanza alipewa kemikali ya ukoo huo huko Yale mwaka 1942. Afrika Mashariki nayo si mpokeaji tu wa historia hiyo. Denis Burkitt aliueleza uvimbe wa taya za watoto akiwa Kampala mwaka 1958, Peter Clifford akatibu uvimbe huohuo kwa dawa jijini Nairobi, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa mahali ilipothibitika kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Ujuzi huo ungefaa usimuliwe Nkubu na Siakago, ambako tibakemikali husemwa kana kwamba ni jambo la kigeni la juzi.

Audre Lorde, katika shajara zake za 1980, alionyesha njia tofauti na ya Sontag. Hakuzifuta sitiari, aliandika siku. Alikataa kuficha mwili uliokatwa ili wengine wapate raha ya kutouona. Shajara, hata hivyo, hudai faragha, meza, na muda wa mtu peke yake, na nyumba ya vyumba viwili yenye wajukuu haina hata kimoja kati ya hivyo.

Foleni na daftari

Iko wapi basi fasihi ya katikati katika Meru na Embu? Jibu la kwanza ni foleni. Watu wanaongojea dawa kwa saa nyingi husimuliana, na masimulizi yao hayafuati tanzia wala ushuhuda. Huhesabu: fulani amemaliza tatu, amebakiza tatu, damu yake ilikataa mara moja. Usemi huo, kwamba damu imekataa, ni wa kishairi na wa kweli kuliko istilahi yoyote, kwa maana unaipa damu hiari yake. Hupeana pia maarifa: kijiko cha plastiki badala ya cha chuma mdomo unapokuwa na ladha ya chuma, chakula kilichopoa badala ya kile kinachofuka harufu, maji ya chumvi ya kusukutulia vidonda vya kinywa, kula kidogo mara sita badala ya mara tatu kwa shibe. Anayetoka awamu ya tano humweleza wa awamu ya kwanza siku ya 9 inavyokuwa, na pia kwamba ina siku ya 10 na ya 11. Nadharia za fasihi simulizi zimezoea kumtafuta fanani mzee chini ya mti. Fanani huyu wa foleni amefunga kitambaa kichwani na ana umri wa miaka 38.

La pili ni daftari. Wagonjwa wengi wa hospitali za umma hubeba daftari la shule la kurasa chache, ambamo kila mhudumu huandika: uzani, shinikizo la damu, hesabu ya chembe, jina la dawa, na herufi tatu zinazomwambia mgonjwa arudi lini. Limeandikwa kwa mikono mingi na kwa Kiingereza cha vifupisho ambacho mwenyewe aghalabu hakisomi. Halina kichwa cha habari, halina nafsi ya kwanza. Lakini ndilo andiko pekee linaloufuata wakati wa matibabu bila kuulazimisha uishe, na pambizoni mwake, kwa kalamu tofauti, huonekana hati ya mtu wa nyumbani: bei ya nauli, namba ya simu, orodha ya vyakula vilivyokubalika juma lile na vilivyokataliwa. Mwandiko huo wa pambizoni una mwenyewe. Ni wa yule aliyeuliza.

Wahariri wa tendi walifanya kazi ya miaka mingi kuzilinganisha nakala za Mwana Kupona, wakibishana juu ya herufi moja ya hati ya Kiarabu. Daftari la hospitali lastahili usomaji wa namna hiyo, pambizo kwa matini, mwandiko kwa mwandiko, kwa idhini ya mwenyewe na bila kutaja jina lake. Halihitaji kupambwa ili liitwe fasihi. Likijaa hununuliwa jingine dukani, na jambo la kwanza linalohamishiwa kwenye ukurasa mpya ni tarehe ya kurudi.